Afya nyumbani: Jina la seli lisitule feza


Juma hili tulitaka kuzungumza juu ya maji ya mvua, lakini swali la mama mmoja wa kikundi chetu limetangulia. Mama huyu anauza sombe sokoni Kadutu, na magoti yanamsumbua tangu mwaka jana. Mwuzaji mmoja alimfikia mezani pake na vifuko vya unga, akamwambia: “Mama, humu mna seli-shina. Zinageuka kuwa kila kitu ambacho mwili unakosa. Goti likiisha, zinakuwa goti. Na yule mtoto wako wa SS, zitampa damu mpya.” Kisanduku kimoja ni dola 80, na vinatakiwa vitatu. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika. Kabla ya kutoa feza akatuuliza: ni kweli?

Tulikaa na muuguzi anayetusaidia kwa ukurasa huu, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Seli-shina ni seli inayoweza kuzaa nyingine kama yenyewe, na tena kuzaa seli za kazi maalumu. Lakini si za aina moja. Zile zinazozaa damu zinakaa ndani ya uboho, ule ute mwekundu wa ndani ya mfupa. Humo humo mna seli nyingine, chache sana, na hizo ndizo zilizoleta mvutano wa jina.

Katika miaka ya 1960 na 1970, mtafiti Alexander Friedenstein na wenzake huko Moscow waliona kwamba seli fulani za uboho zinashika kwenye chombo cha maabara na kuota makundi-makundi, na zikipandikizwa kwa mnyama zinaweza kufanya mfupa. Mwaka 1991 Arnold Caplan, mtafiti wa Cleveland kule Marekani, akaziita seli-shina za mezenkima. Mezenkima ni tishu laini ya mtoto angali tumboni, ambamo mifupa, mafuta na gegedu, yaani ule mfupa laini wa kwenye viungo, vinatokea. Jina likaenea, na watu wakasikia ndani yake ahadi: seli hizi zitakujengea kile ulichopoteza.

Katika maabara, ni kweli, wataalamu wanaweza kuzielekeza zifanye mfupa, gegedu au mafuta. Ndani ya mgonjwa ni mambo mengine. Zikiingizwa kwa mshipa, nyingi zinanaswa kwenye mapafu na kupotea baada ya siku chache. Msaada wake mkubwa ni kutuma ujumbe: zinatoa vitu vinavyotuliza uvimbe, vinavyopunguza ukali wa kinga ya mwili, na vinavyoamsha seli za pale penyewe zifanye kazi. Ni kama shangazi anayefika kwenye kilio. Hapiki wala hachoti maji, lakini anatuliza wanaogombana, anamtuma kila mtu kwa kazi yake, na nyumba inasimama tena. Akiisha kuondoka, kazi imefanyika.

Ndiyo sababu mwaka 2005 chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba ya seli kilishauri zisiitwe zote seli-shina. Na mwaka 2017 Caplan mwenyewe, aliyeeneza jina lile, aliandika kwamba wakati wa kulibadilisha umefika. Alitaka ziitwe seli zinazotuma ishara za tiba, maana neno “shina” linawafanya wagonjwa waamini kwamba seli hizo zitawaoteshea viungo vipya.

Basi, mama yetu, jibu ni hili. Seli iliyokaushwa ikawa unga haiishi tena, na tumbo linaisaga kama linavyosaga sombe. Kwa magoti, utafiti wa kuchoma seli hai ndani ya kiungo unaendelea, lakini haujathibitisha kwamba gegedu inaota upya. Kwa mtoto wa SS, zinazohusika ni zile seli nyingine, za damu. Kupandikizwa uboho wa mtu anayelingana naye kunaweza kumponya, lakini ni kazi ya hospitali kubwa, na yenye hatari zake. Asiachishwe dawa alizoandikiwa, na akipata homa apelekwe kituoni siku ile ile.

Hatusemi kwamba seli hizi hazina faida. Desemba 2024 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza dawa iliyotengenezwa kwa seli hizi, kwa watoto ambao uboho waliopandikizwa unaushambulia mwili wao, na dawa za kwanza zimeshindwa. Ona basi: ugonjwa mmoja unaojulikana, kwa mshipa, hospitalini. Si kila ugonjwa, kwa kikombe, sokoni.

Mkiletewa kisanduku, ulizeni: ni seli gani? Zinaishi? Zimeruhusiwa kwa ugonjwa gani? Anayejibu “zote” na “kila kitu”, mwambieni asante, apite.

Mama yetu alipokea likelemba yake. Alimpeleka mtoto kupimwa, akamwonyesha mganga magoti yake, na akatengenezesha meza ndefu ili asiiname siku nzima. Feza nyingine ameiweka kwa masomo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, ni maji ya mvua.