Mnamtafuta mvulana, mnawavua wasichana

KIBARAZANI
Na Zuhura Mwachupa

Wanaonisoma kila Jumamosi wanajua hasira zangu kwa kawaida ni za bei ya mafuta ya taa, na za jirani aliyeazima toroli yangu ambaye hadi ninapoandika haya hajairudisha. Wiki hii toroli na ikae hukohuko. Nina la watoto wa shule, na sitalisema kwa upole.

Nilikwenda kutazama nusu fainali ya kandanda ya wasichana, michezo ya muhula wa pili, katika shule moja hapa Pwani. Siitaji, maana waliokosa ni watu wazima na watakaozomewa ni watoto. Nilibeba kiti changu cha plastiki, nikanunua viazi karai, nikakaa karibu na kibendera cha kona. Viazi karai navyo vinazidi kuwa vidogo huku bei ikipanda, lakini hiyo ni safu ya siku nyingine.

Timu ya wageni ilikuwa na mshambuliaji, jezi nambari tisa. Mrefu, mabega mapana, kichwa kimenyolewa, sauti nzito anapoitisha pasi. Na mguu wa kushoto ambao ungekuwa wa mjukuu wangu, leo ningekuwa meneja wake. Alifunga la kwanza kwa kichwa. La pili alilipiga kutoka mbali, kipa wa wenyeji akabaki kulisindikiza kwa macho. Nilipiga makofi mpaka viazi vikamwagika.

Hapo ndipo mtu wa upande wa wenyeji alipopaza sauti: "Huyo ni mwanamume!"

Wakacheka. Mwingine akadakia: "Mvueni tuone!"

Nikadhani ni uhuni wa mashabiki, utapita. Kumbe kocha wa wenyeji ameshaingia uwanjani na kumshika refa mkono. Mpira ukasimamishwa. Walimu na wasimamizi wakaenda kukusanyika chini ya mwarobaini, nami nikawafuata na kiti changu, kwa sababu umri una faida zake na mojawapo ni kwamba hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Ikaletwa fomu ya wachezaji. Ikaletwa nakala ya cheti cha kuzaliwa. Vyote vinasema msichana. Kocha akavitazama kama mtu aliyepewa noti bandia, akasema, "Vyeti hununuliwa hivi." Sawa, hununuliwa. Nani katika nchi hii hajawaona mamluki wa michezo ya shule, wanaume wenye ndevu wanaorudia darasa lilelile kila kombe likikaribia? Lakini niambieni, ni lini mliwahi kusikia mmoja wa hao akiambiwa avue kaptura ili umri wake ujulikane? Mvulana akishukiwa, hukaguliwa karatasi. Msichana akishukiwa, hukaguliwa yeye.

Kisha akasimama mwalimu mmoja mwenye tai, mtu mzima na heshima zake, akatoa suluhisho. Mwalimu wa kike amchukue mtoto, waende naye chooni, "dakika mbili tu, tumalize ubishi."

Nambari tisa alikuwa amesimama palepale akisikia yote. Hakuna aliyekumbuka kumwambia asogee.

Niliyoyasema hapo, mhariri wangu, yule wa mkasi, hatayapitisha. Yatosha kusema kiti kilianguka. Mwenye tai akanijibu kwa adabu zote: "Mama, tulia. Sisi tunawalinda wasichana."

Kuwalinda! Choo chenyewe alichokitaja hakina mlango. Nilikiona. Wasichana wa timu zote mbili walikuwa wamebadilishia nguo nyuma ya basi, wenzao wakiwashikia leso ili madereva wa bodaboda wasiwatazame. Hakuna aliyekata rufaa juu ya hilo. Hakuna aliyesimamisha mpira kwa sababu wapo wasichana ambao hawakuja kucheza siku hiyo kwa kukosa sodo. Na ule ugonjwa wa makocha wa kuomba wachezaji namba za simu usiku wa manane, je? Ulinzi huwa umelala fofofo miaka yote, huamka msichana mmoja anapofunga mabao mawili.

Na kile kichwa kilichonyolewa, ambacho mashabiki walikifanya ushahidi? Amri ya shule. Shule zetu nyingi huwataka wasichana wanyoe, asiyenyoa harudi darasani. Tunawanyoa wenyewe, tunawavisha kaptura za wavulana zilizobaki stoo, halafu tunashangaa mbona hawafanani na wasichana.

Waliokuwa na akili siku hiyo walikuwa watoto. Nahodha wa wageni, kitoto cha kimo cha kibao cha mbuzi, alimshika nambari tisa mkono akawaambia walimu: "Mkimpeleka huyu, tupelekeni sote." Timu nzima ikaja ikamzunguka. Mara nikamwona kipa wa wenyeji anakuja. Yule yule aliyefungwa mabao mawili, aliyekuwa na kila sababu ya kumtaka mwenzake atoke. Akapita katikati ya walimu, akaenda kusimama na wale wasichana. Kocha wake akamwita kwa jina. Akajifanya hasikii.

Hapo walimu wakakumbuka kwamba jua linazama. Ukaguzi ukafutwa na mpira ukaendelea. Msidhani ni mwisho mwema. Nambari tisa hakurudi uwanjani. Alikaa kwenye benchi, jezi ameivuta mpaka juu ya pua. Wenyeji wakasawazisha, wakashinda kwa penalti. Rufaa haikuandikwa popote, ada haikulipwa, hakuna kilichothibitishwa, na kocha alipata alichokitaka. Hakutaka kujua jinsia ya mtu yule. Alitaka atoke.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Siku hizi asiyekubali kushindwa hugeuka daktari wa wanawake.

Na msiniambie ni ushamba wetu. Katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2022 wabunge walipitisha sheria ya kuwazuia wasichana transjenda, yaani waliozaliwa wakaandikwa wavulana, wasicheze katika timu za wasichana shuleni. Gavana Spencer Cox, mwanachama wa Republican na si mtu wa kubeba mabango, akaipinga. Aliwaandikia hesabu: wanafunzi 75,000 wa sekondari wanacheza michezo jimboni, transjenda ni wanne, na anayecheza na wasichana ni mmoja. Mmoja! Wabunge wakampiku, sheria ikapita. Mwezi Agosti mwaka huohuo ikafichuka kwamba wazazi wa wasichana walioshika nafasi ya pili na ya tatu katika shindano moja walikuwa wamelalamika, wakitilia shaka jinsia ya aliyewashinda. Chama cha michezo ya shule kikafukua mafaili yake hadi ya chekechea, bila kumwambia yeye wala wazazi wake. Alikuwa msichana tangu chekechea. Wenzetu angalau walivua faili.

Yule jamaa wa Mariakani anayeniandikia kila wiki akiniombea niongoke ameshaanza kuchonga kalamu: "Bi Zuhura, umeleta mambo ya Wazungu." Ndugu yangu, mwarobaini ule haukupandwa na Mzungu. Na kama unataka wa nyumbani, kumbuka fainali ya mita 800 kule Rio mwaka 2016. Dhahabu Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba Margaret Wambui wetu wa Nyeri. Hao hata si transjenda. Walizaliwa wakaandikwa wasichana, wakalelewa wasichana, miili yao ndiyo ikashtakiwa. Mwaka 2019 kanuni za riadha zikawataka washushe homoni ya testosteroni au waache mbio zao. Wambui akaishia hapo. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 kanuni zikapanuliwa zikamfuata hukohuko.

Tangu Septemba 2025, mwanamke anayetaka kukimbia katika mashindano ya dunia lazima apimwe jeni. Eti jambo jipya. Kamati ya Olimpiki iliwapima wanawake kwa miongo mitatu. Kule Atlanta mwaka 1996, kati ya 3,387 waliopimwa, wanane hawakupita, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana kwa sababu ilionekana hawana hila yoyote. Mwaka 1999 Kamati ikaachana na vipimo hivyo. Sasa vimerudi, vimebadilishwa koti. Wakubwa wa riadha na wabishane huko Monaco, kuna medali na mikataba ya viatu. Mtoto wa sekondari anayecheza kwa soda na mkate hana kesi Monaco.

Jamaa wa Mariakani bado hajaridhika. Anataka kuniuliza swali lake la mwisho: na kama kweli angekuwa transjenda?

Basi angekuwa mtoto wa shule mwenye mguu mzuri wa kushoto. Asingevuliwa chooni pia. Ningetaka mwalimu mkuu, mzazi na mtoto mwenyewe wakae ofisini, mlango umefungwa, wakubaliane anaitwa nani, anabadilishia wapi nguo na anacheza wapi. Na kama ni mpira wa shule, ningetaka acheze na wenzake anaoishi nao. Utaniambia atawazidi nguvu. Katika timu zile nilimwona wa miaka kumi na minne akikabiliana na wa kumi na tisa, na aliyekula uji asubuhi akikabiliana na aliyekula maandazi, mayai na matunda. Usawa wa nguvu haujawahi kukanyaga uwanja wa shule. Sasa tunautafuta kwa mtoto mmoja tu, na tunautafuta ndani ya nguo zake.

Wala hawa watoto si hadithi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu, 1,524 nchini, na hao ndio waliothubutu kujitaja. Transjenda hawakuhesabiwa, lakini yupo Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 akapata A ya kutoa, na cheti kikabaki na jina la kiume ambalo kila mwajiri alilikodolea macho. Alilishtaki Baraza la Mitihani. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu akaamuru apewe cheti chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Mahakama ya Kenya hiyo, ndugu yangu, wala haikuletwa na meli. Ikiwa mtihani wa fizikia unaweza kusahihishwa bila kujua kilichomo ndani ya sketi, na bao la kichwa litahesabika.

Msimamo wangu mmeujua tangu kichwa cha safu hii, lakini kwa wanaosoma kuanzia chini: kila mnapoanza kumsaka mvulana aliyejificha katika timu ya wasichana, anayevuliwa ni msichana. Mrefu. Mwenye kifua bapa. Mwenye sauti. Anayewafunga. Na yule mtoto transjenda mnayedai kumsaka, akiyaona hayo, huacha michezo, kisha huacha shule. Mnabaki na timu ya wasichana waliojifunza kwamba usalama uko katika kutokuwa hodari.

Kwa hiyo napendekeza kanuni, na wasimamizi wa michezo wanaweza kuichukua bure. Kuanzia mwakani, kocha yeyote anayetaka mtoto wa watu avuliwe aandike ombi hilo kwa mkono wake mwenyewe: "Mimi fulani naomba kutazama uchi wa mwanafunzi." Atie sahihi na tarehe. Kisha libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule yake, wazazi wa wasichana anaowafundisha walisome.

Gundi nitanunua mimi.