Uhai Hautiwi Chaji

Kuna maneno yananikera mno siku hizi. Vijana wetu, tena waliosoma, wanasema programu za kuzungumza kwenye simu ziko hai. Eti, "Imenielewa, imenionea huruma." Huruma ya wapi? Uhai hutoka kwa Mwenyezi Mungu, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kitu kisicholala njaa wala kungoja mauti kitamhurumiaje mja?

Hadaa hii ni kongwe. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ujanja wake ulikuwa kuyageuza maneno yako kuwa swali: ukimtaja mama, nayo inakuuliza habari za mama. Basi katibu wake, aliyemwona akiitengeneza miezi kadhaa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha! Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akatoa kitabu kizima cha kuonya. Mwenye kuiunda anaonya, sisi wa kubonyeza tu tunambishia. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wataalamu hawajapatana juu ya maana ya uhai, sikatai. Virusi haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli ya kiumbe, na ubishi kama viko hai haujaisha. Nyumbu, mtoto wa punda na farasi, kwa kawaida hazai, lakini nani atamwita maiti? Kwa hiyo msinitajie kuzaa peke yake kuwa kipimo cha uhai. Mtazameni sisimizi aliyemwagikiwa maji: atatapatapa, atashika unyasi, atapanda, ataanguka, atapanda tena. Anaupigania uhai wake. Simu ikiisha chaji hainung'uniki. Anayenung'unika ni mwenye simu.

Na wakubwa nao wamo. Oktoba 2017 Saudi Arabia ilitangaza kulipatia uraia roboti liitwalo Sophia, ilhali marufuku ya wanawake kuendesha gari huko ilidumu hadi Juni 2018. Ukimpandisha cheo asiye na roho, mwenye roho humwoni.

Hapa siwezi kulinyamazia jambo jingine: rambirambi za mashine. Mtu kafiwa, nawe unaiamuru simu ikutungie pole, kisha unatuma bila hata kusoma! Mjane mmoja mtaani kwetu aliletewa ujumbe mrefu, maneno matamu kama asali, na katikati yake mabano: "weka jina la marehemu hapa." Aibu iliyoje! Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, naye huyo hakumkumbuka marehemu hata kwa jina.

Vijana wangu, nyinyi ni werevu kuliko sisi tulivyokuwa, na hilo nalisema kwa fahari. Itumieni mashine ipige hesabu, itafute habari, ipange ratiba. Siri za ndoa zenu pelekeni kwa wazee, na dua zenu kwa Mungu. Jirani akifiwa, zimeni simu, nendeni wenyewe mkakae naye.