Mzani Mmoja kwa Jasho la Watoto Wetu



Mchumaji chai anaujua mzani kuliko mtu yeyote. Tangu alfajiri yuko shambani, umande umemlowesha mpaka magotini, na saa ya kupima ikifika hamwangalii karani usoni, anaangalia mshale. Kilo 20 ni kilo 20. Karani akiandika 10, shamba zima litasimama, na hakuna atakayehitaji diploma kujua kwamba mtu anaibiwa.

Leo nataka kusema juu ya mzani mwingine, ambao wengi wetu hatujauona kwa macho lakini tunaulipia. Ni mzani unaopima masomo ya watoto wetu katika vyuo vikuu.

Mimi niliishia shule ya msingi. Najua wapo watakaouliza: mtu wa chama asiyewahi kushika hadubini anatafuta nini katika mambo ya biolojia? Jibu langu ni fupi. Minervali haidondoki kutoka mbinguni. Inatoka kwenye kapu la chai na kwenye zamu ya usiku kiwandani. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Mwenzetu mmoja hapa Gisenyi, ambaye simtaji jina kwa sababu hakunituma, alimsomesha binti yake biolojia katika chuo kimoja ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Binti akafaulu mwaka mzima, akapewa krediti 60. Baadaye familia ikaona ni afadhali amalizie masomo nyumbani. Alipopeleka karatasi zake katika chuo kimoja cha huku, akaambiwa kwamba 60 ni nusu ya mwaka tu, tena masomo yenyewe hayajulikani, basi aanze upya. Akaanza upya. Akafundishwa seli mara ya pili, mimea mara ya pili, wadudu mara ya pili. Baba yake akauza mbuzi wawili na kukopa katika kikundi cha akiba, ili anunue tena kitu alichokwisha kukinunua.

Tufanye hesabu pamoja. Krediti ni kipimo cha saa za kazi ya mwanafunzi. Hapa Rwanda krediti 1 ni saa 10, ukijumlisha darasa, maabara na kusoma peke yake. Mwaka mzima ni krediti 120, yaani saa 1,200. Kongo, katika mpango unaoitwa LMD, mwaka mzima ni krediti 60, lakini krediti 1 ni saa 25. Jumla ni saa 1,500. Na ukienda Makerere, Uganda, utakuta krediti 1 inahesabiwa kwa saa 15 za kukaa na mwalimu. Neno ni moja, mizani ni mitatu! Karani aliyesema 60 ni nusu alisoma namba akasahau mzani. Ni kama mtu anayelinganisha kilo na ratili, kisha anamkata mchumaji mshahara.

Wengine watasema kuwa kuunganisha vyuo ni ndoto. Si ndoto, ilikwisha fanyika. Mwaka 1963 ulianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kijana aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uinjinia Nairobi, aliyetaka sheria Dar es Salaam, na shahada ilikuwa ya chuo kikuu kimoja. Mwaka 1970 kilivunjwa, kila nchi ikabaki na chuo chake na kipimo chake.

Tazameni na nyumbani kwetu. Mwaka 2013 taasisi saba za umma ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Rwanda: ya Butare, ya sayansi na teknolojia, ya ualimu, ya afya, ya kilimo Busogo, ya fedha na benki, na ile ya Umutara. Hatua ile ilikuwa kubwa. Na tarehe 20 Mei 2017, huko Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba Jumuiya yote ni eneo moja la elimu ya juu. Kongo nayo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Basi tangazo lipo. Lakini tangazo halimvushi mtoto mlango wa ofisi ya usajili. Anayemvusha ni karani mwenye jedwali mezani, na jedwali hilo ndilo tunalolidai.

Sasa niseme ukweli wa upande wa pili. Walimu wa vyuo wana hoja yao, na si hoja ya kupuuzwa. Biolojia haisomwi kwa daftari peke yake. Kuna maabara, kuna hadubini, kuna kupasua na kuchunguza. Kijana anayekwenda kuwa muuguzi hawezi kupitishwa kwa sababu ya kuonewa huruma, maana mgonjwa atakayemhudumia ni mimi na wewe. Hilo nalikubali kabisa. Lakini kama amepungukiwa maabara, apewe mtihani, afidie maabara. Gunia likipungua kilo mbili tunaongeza kilo mbili. Hatulimwagi lote chini!

Kwa hiyo sisi wafanyakazi tunaomba mambo matatu. Kwanza, Baraza la Elimu ya Juu na vyuo vya umma watoe jedwali la wazi la biolojia ya mwaka wa kwanza: mambo gani lazima yafundishwe, saa ngapi za maabara, na krediti za nchi jirani zinageuzwaje kuwa za kwetu. Anayesomea sayansi, ualimu, afya au kilimo ajue mapema kipi kitahesabiwa akihama. Pili, mwanafunzi anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, somo kwa somo, na nafasi ya kukata rufaa kabla ya kulipa chochote. Tatu, chama chetu kilipeleke jambo hili kwenye mazungumzo pamoja na mishahara, kwa sababu mwaka unaorudiwa ni mshahara uliopotea.

Na nyinyi wazazi, msingoje jedwali. Mtoto akianza chuo popote, aweke hati ya maksi, muhtasari wa kila somo na hesabu ya saa za maabara, vyote vikiwa na mhuri. Kabla ya kuhama aulize kwa barua, naye ajibiwe kwa barua. Neno la mdomoni halina mzani.

Baba yule bado analipa deni. Binti yake anasoma vizuri, na nina hakika atamaliza. Lakini mwaka wake mmoja umekwenda, na mbuzi hawatarudi. Asiwepo mwingine.

Umoja ni nguvu.