Neno la Mhariri: Kuitumikia Filamu ya Mwenzako

Mafunzo ya juu ya utengenezaji wa filamu katika vyuo vikuu yamezoeleka kupimwa kwa vifaa, yaani kwa aina ya kamera zilizomo stoo, ukubwa wa studio, idadi ya kompyuta za kuhariria na taa zilizoletwa na mfadhili, na ndiyo maana idara inayotaka kuonyesha kwamba imepiga hatua huwapeleka wageni wake kwenye chumba cha vifaa kabla ya kuwaonyesha filamu hata moja. Toleo hili limeandaliwa kwa imani kwamba kipimo hicho kina walakini. Hoja inayoziunganisha makala zake ni kwamba, darasa la utayarishaji linapofikia ngazi ya juu, jambo kubwa analojifunza mwanafunzi si kuongoza filamu yake bali ni kuitumikia filamu ya mwenzake kwa bidii ileile ambayo angeitumikia yake, na kwamba chuo kisichofundisha hilo, wala kulitolea alama, huhitimisha watu wenye shahada ya filamu wasioweza kukaa katika kikosi cha filamu.

Darasa linalozungumziwa hapa ni lile linalokuja baada ya misingi. Mwanafunzi amekwisha kujua jinsi lenzi inavyopokea mwanga, jinsi muswada unavyopangwa na jinsi shoti mbili zinavyounganishwa, shoti ikiwa ni kipande cha picha kinachochukuliwa tangu kamera inapowashwa hadi inapozimwa. Sasa anatakiwa kutoa filamu nzima, fupi lakini kamili, kuanzia wazo hadi ukumbini. Kwa desturi ya vyuo vingi wanafunzi hupokezana nafasi: anayeongoza wiki hii, wiki ijayo hushika kamera ya mwenzake, kisha hurekodi sauti kwa wa tatu, kisha huwa mtunza mwendelezo kwa wa nne. Mtunza mwendelezo ni yule anayehakikisha kwamba mambo yaliyopigwa picha kwa nyakati tofauti yataonekana kuwa ya wakati mmoja, kwa hiyo ndiye anayeandika daftarini kwamba mhusika alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, kwamba chai ilikuwa imeshuka hadi nusu na kwamba kifungo cha juu cha shati kilikuwa wazi. Kazi hiyo haina sifa, na anayepangiwa huiona kama adhabu, lakini hakuna nafasi nyingine kwenye seti inayomlazimisha mtu kuitazama filamu kwa jicho la mhariri wakati bado inapigwa.

Sauti inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo filamu nyingi za wanafunzi zinapoharibikia. Onyesho la watu wawili wanaozungumza sebuleni, tuseme katika nyumba ya Sinza au Kariakoo, linahitaji feni izimwe, jokofu lichomolewe, na kikosi kizima kisubiri bodaboda ipite na muadhini amalize. Waigizaji wanatokwa jasho, mwongozaji anatazama saa, na mwanga wa dirishani unahama. Mazungumzo yanapokwisha na kila mtu anataka kufungasha, mrekodi sauti anawaomba watu wasimame walipo na wanyamaze kwa nusu dakika, ili akirekodi chumba kisicho na neno lolote ndani yake. Kwa asiyejua, hayo ni mambo ya ushirikina wa mafundi. Kwa hakika kila chumba kina mvumo wake, na mhariri anapokiondoa kikohozi au sentensi iliyokosewa hubaki pengo ambalo sikio la mtazamaji hulihisi papo hapo hata kama hawezi kulieleza, nalo halizibiki ila kwa kipande cha ukimya wa chumba hichohicho. Mwanafunzi aliyeshika maiki ya fimbo, ile inayoning'inizwa juu ya waigizaji nje ya mpaka wa picha, akanyimwa nusu dakika hiyo na mwongozaji mwenye haraka, kisha akalaumiwa yeye siku ya kuhariri, hatamnyima mrekodi wake zamu yake ya kuongoza itakapofika. Mhadhara wa saa mbili juu ya jambo hilo haumfikishi huko.

Zamani ufinyu wa nyenzo ulifundisha sehemu ya nidhamu hii bila mwalimu kufungua kinywa. Ukanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 400, ukipita kwenye kamera kwa fremu 24 kwa sekunde, huisha kwa dakika 11 hivi, na kwa kuwa ukanda ulinunuliwa na kusafishwa maabara kwa fedha, kila mtu kwenye seti alikuwa na sababu ya kujiandaa kabla kamera haijawashwa. Huko Moscow, ambako chuo cha filamu kilichokuja kuitwa VGIK kilianzishwa mwaka 1919, Lev Kuleshov na wanafunzi wake, akiwemo Vsevolod Pudovkin, walifanya mazoezi ya filamu pasipo ukanda wowote kwa sababu haukupatikana: waliigiza onyesho baada ya onyesho mbele ya watazamaji, wakilipanga kana kwamba kila kipande ni shoti. Leo kadi ya kumbukumbu imeondoa hofu hiyo, na mwanafunzi hurudia shoti mara nyingi apendavyo huku akiuahirisha uamuzi hadi atakapoketi kwenye kompyuta. Mwalimu anaweza kuurudisha ufinyu kwa amri, kwa mfano kwa kuruhusu dakika 30 tu za picha kwa filamu ya dakika tano. Amri ya namna hiyo inafaa, ingawa isigeuzwe kuwa sifa kwa ufukara, maana chuo ambamo wanafunzi 40 wanagombea kamera moja hakifundishi nidhamu, kinafundisha kupanga foleni.

Mfano uliopewa nafasi kubwa katika toleo hili ni wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kijulikanacho kama UCLA, hasa katika miaka ya 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wanafunzi wakishinikiza chuo kiwafungulie mlango watu wa jamii zilizoachwa nje, ulianzishwa mpango wa kuwafundisha filamu vijana Weusi na wa jamii nyingine za wachache, na mhadhiri Elyseo Taylor alikuwa miongoni mwa waliousukuma. Baadaye Teshome Gabriel, msomi mzaliwa wa Ethiopia, akawa mwalimu wa nadharia ya sinema ya Ulimwengu wa Tatu chuoni hapo. Charles Burnett, Haile Gerima wa Ethiopia, Julie Dash na Billy Woodberry ni baadhi tu ya waliopita katika mazingira hayo, na mhakiki Clyde Taylor ndiye aliyewapa jina la waasi wa Los Angeles. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya itikadi yao. Kinachomhusu zaidi mwalimu wa darasa la utayarishaji ni namna majina yao yanavyopishana katika orodha za watendaji: katika *Bush Mama*, filamu ya Gerima ya mwaka 1975, Burnett ni mmoja wa wapigapicha, na katika *Bless Their Little Hearts*, filamu ya Woodberry iliyotoka mwaka 1984, Burnett ndiye aliyeandika muswada na ndiye aliyeshika kamera. Wakati huo alikuwa amekwisha kuikamilisha filamu yake kubwa, *Killer of Sheep*, wala hakujiona amepanda cheo kiasi cha kutobeba kamera ya mwenzake.

Mwanzo wa *Bush Mama* unaonyesha faida ya mazoea hayo. Polisi wa Los Angeles waliwasimamisha na kuwapekua watengenezaji wenyewe wa filamu wakiwa kazini barabarani, kamera haikuzimwa, na picha hizo zikaingizwa katika filamu inayohusu maisha chini ya jicho la polisi hao hao. Hakuna mpango wa siku ya kazi unaoweza kuandika tukio la namna hiyo. Lilipatikana kwa sababu aliyekuwa nyuma ya kamera aliielewa filamu ya mwenzake kiasi cha kujua, bila kuambiwa, kwamba kinachotokea mbele yake ni sehemu ya filamu hiyo.

Msomaji makini ataleta pingamizi, akitaja *Killer of Sheep*. Filamu hiyo, ambayo Burnett aliiwasilisha mwaka 1977 kwa ajili ya shahada ya uzamili, aliiandika, akaiongoza, akaipiga picha na kuihariri yeye mwenyewe, akifanya kazi mwishoni mwa wiki katika mtaa wa Watts, kwa waigizaji wasio wa kitaaluma na kwa gharama isiyofika dola 10,000. Je, huyo si mtu mmoja aliyejitosheleza? Kwa sehemu pingamizi hilo ni la kweli na halifai kufunikwa. Lakini mtu huyo aliweza kushika nafasi zote kwa sababu alilelewa katika darasa ambalo kila mmoja alizipitia. Na zaidi ya hapo, filamu yenyewe inaonyesha nafasi iliyobaki bila mtu. Nyimbo zilizojaa ndani yake hazikulipiwa haki, na kwa sababu hiyo, pamoja na kwamba iliingizwa mwaka 1990 katika rejista ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa za Marekani, haikuweza kusambazwa kibiashara hadi mwaka 2007, baada ya hifadhi ya filamu ya UCLA kuikarabati na haki za muziki kununuliwa kwa takriban dola 150,000. Nafasi iliyokosa mtu ni ya mtayarishaji, yaani anayeshughulikia fedha, mikataba, vibali na haki. Katika madarasa ya vyuo nafasi hiyo hupewa aliyechelewa kujiandikisha. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetia wimbo wa Bongo Fleva kwenye filamu yake bila barua ya ruhusa anaweka kizuizi hichohicho mbele ya kazi yake, hata kama anachotamani ni kuionyesha mara moja tu Ngome Kongwe, Zanzibar, wakati wa tamasha la filamu la ZIFF.

Sehemu ya pili ya hoja inahusu mkato wa awali, yaani filamu ikiwa imeunganishwa kwa mara ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikiwa bado ndefu, sauti haijasawazishwa na rangi hazijarekebishwa. Darasa zuri huionyesha filamu katika hali hiyo mbele ya wote, mwenye filamu akiwa amekatazwa kujieleza, na wanaotazama wakitakiwa kusema kwanza walichokiona kabla ya kusema walichokipenda. Zoezi hili ni gumu popote, na Afrika Mashariki lina ugumu wake wa ziada, kwa sababu malezi yetu yanamtaka mtu amhifadhi mwenzake hadharani, na hivyo wanafunzi hupigiana makofi, husema hongera, nzuri sana, kisha ukweli husemwa kantini mwenye kazi akiwa hayupo. Adabu hiyo inafaa msibani na harusini. Mbele ya mkato wa awali ni hasara tupu, kwa kuwa huo ndio wakati wa mwisho ambapo dosari inaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo, na mwalimu anayeinyamazia ili darasa libaki na furaha amewaibia wanafunzi wake.

Sekta ya filamu ya Tanzania imepita njia nyingine. Filamu za video zilizovuma tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiuzwa katika kanda na baadaye diski, zilijenga watazamaji ambao chuo hakikuwa nao, na hakuna sababu ya msomi kuzidharau. Hata hivyo, kwa sababu ya haraka na ufinyu wa fedha, ilikuwa kawaida jina lilelile kusomeka kama la mtunzi, mwongozaji, mtayarishaji na mwigizaji mkuu, na fundi sauti kutotajwa kabisa. Filamu zilizovuka mipaka zinasimulia jambo tofauti. *Maangamizi*, iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2001, iliongozwa na watu wawili, Martin Mhando na Ron Mulvihill, huku Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa miongoni mwa waigizaji wakuu. *Vuta N'kuvute*, ambayo Amil Shivji aliitengeneza kutokana na riwaya ya Adam Shafi na ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, ni kazi ya mwongozaji aliyesoma filamu chuoni na kuifundisha chuoni. Kuijenga upya Zanzibar ya miaka ya 1950, kwa mavazi, taa na mitaa yake, ni jambo lisilowezekana kwa mtu aliyezoea kufanya kila kitu peke yake.

Yapo mengine ambayo toleo hili linayagusa kwa kupita, kama vile uandishi wa muswada na nafasi ya simu za mkononi katika mafunzo, na yatapata nafasi yake siku nyingine. La haraka ni jedwali la alama. Katika idara nyingi alama za darasa la utayarishaji hutolewa kwa filamu ambayo mwanafunzi ameiongoza, na kazi aliyoifanya katika filamu za wenzake huhesabiwa kama mahudhurio. Kwa utaratibu huo mwanafunzi mwerevu hujihifadhi: huchelewa kufika kwenye seti ya mwenzake, huchoka mapema, na nguvu zake zote huziweka kwa wiki yake. Halafu walimu hushangaa kwa nini kila filamu ina mwongozaji hodari na sauti mbovu. Angalau nusu ya alama inapaswa kutokana na kazi za kikosi, zikitolewa na mwongozaji aliyehudumiwa pamoja na mwalimu, kwa ushahidi wa daftari la mwendelezo, faili za sauti, barua za ruhusa na mkato wenyewe. Wapo watakaosema kwamba kiwango hicho ni kikubwa mno, na kwamba chuo hakiwezi kumnyima daraja la kwanza kijana mwenye kipaji kwa sababu hakujua kushika fimbo ya maiki. Wahadhiri wa pande zote mbili wanaombwa kuleta majedwali yao ya alama na mihtasari ya masomo yao, jinsi yanavyotumika na si jinsi yalivyoandikwa kwa ajili ya ukaguzi, ili toleo lijalo liyachapishe bega kwa bega.