Mnatuambia tuzibe ufa, udongo uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe dukuduku ambalo nina hakika si langu peke yangu huku Meru. Kila inapofika Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tunaaswa redioni na kwenye viwanja vya mikutano kwamba tunachelewa kutibu meno. Kwamba mpaka jino litunyime usingizi ndipo tunakumbuka kuna hospitali. Kuchelewa tunachelewa, sibishi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba tunachelewa kwa uzembe na kwa kuogopa sindano. Methali ya ufa na ukuta tulifundishwa shuleni, na mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka mingi. Tunachokosa ni udongo wa kuzibia.

Jino lililoanza kutoboka tiba yake ni kuzibwa. Lakini katika vituo vya umma nilivyowahi kufika, kwa shida yangu au kwa kumsindikiza mtu, nimekuta kiti, ganzi na koleo. Ukiulizia kuziba unaambiwa dawa ya kuzibia imeisha, au mashine ni mbovu, au nenda mjini. Mjini kwenye kliniki za watu binafsi wanaziba, tena vizuri, ila bei ya kuziba jino moja inaizidi mbali ile ya kung'oa, na hapo hujalipa nauli. Sasa mtu ana tobo dogo linalomsumbua akinywa chai ya moto tu. Anajua akienda kituo cha jirani atarudi na pengo. Mwenye akili zake atafanya nini? Atasubiri, maana jino linalouma mara mojamoja ni afadhali kuliko kukosa jino kabisa. Mtu huyo amepiga hesabu zake, na kwa huduma aliyowekewa mbele yake hakukosea.

Shida ni kwamba uozo haumsubiri. Ukishapenya ganda gumu la nje, unaingia kwenye tabaka laini zaidi, na huko unakwenda haraka. Ukifika kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu, ndipo usiku unapokuwa mrefu. Mgonjwa atasukumia karafuu kwenye tobo, atasukutua kwa maji ya chumvi, atanunua diklofenaki duka la dawa. Kisha siku moja maumivu yanakatika, naye anamshukuru Mungu kwamba amepona. Kumbe neva imekufa, na vimelea vimeteremka kwenye mzizi kutengeneza usaha ndani ya taya. Sijaona kitu kinachowadanganya watu kama kutulia huko kwa jino. Likishafika hapo, kuziba kwa kawaida hakutoshi tena. Ama lisafishwe mizizi, kazi ghali ambayo mara nyingi hudai urudi kliniki zaidi ya mara moja, ama ling'olewe.

Jirani yangu mmoja anauza ndizi sokoni Tengeru. Soko ni Jumatano na Jumamosi, na Jumatano moja ikipotea, ada na unga wa wiki vinayumba. Gego lake la chini lilimsumbua, likatulia, likarudi, na kila mara alimeza vidonge vya maumivu na antibayotiki alizouziwa bila cheti. Dawa zilipunguza uvimbe tu. Chanzo kilikuwa ndani ya jino, na hakuna kidonge kinachotoa jino bovu. Safari ya mwisho uvimbe ulitoka shavuni ukashuka chini ya kidevu na shingoni. Alishindwa kufungua kinywa, akashindwa kumeza hata mate, sauti ikabadilika. Wanawe walimkimbiza hospitali usiku. Alichanjwa usaha ukatolewa, akalazwa. Madaktari wanaijua sana hali hiyo: maambukizi ya meno ya chini yakienea chini ya ulimi na shingoni, yanaweza kuziba njia ya hewa na kuua mtu, na yakishuka kifuani ni hatari zaidi. Mwenye kisukari ndiye wa kuogopewa kuliko wote. Mama yule alipona, ila ng'ombe aliyekuwa akimtegemea kwa maziwa aliuzwa kulipia matibabu. Mwanzoni kabisa lile lilikuwa tobo la kuzibwa asubuhi moja, na mchana angekuwa amerudi kwenye ndizi zake.

Sisi wa Mlima Meru tuna mtihani mwingine ambao wenzetu wa mikoa mingi hawana. Maji ya chemchemi na mito mingi inayotoka Meru yamebeba floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na kuna vyanzo vya Ngarenanyuki na Maji ya Chai ambavyo vinapita hata hapo. Magadi tunayopikia maharage huongeza nyingine. Floraidi hiyo huyatia meno rangi ya kahawia, ndiyo maana tukifika Dar es Salaam tukicheka tu, watu wanajua tumetoka Arusha. Serikali inalifahamu tatizo hilo: kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kipo Ngurdoto, na mradi mkubwa wa maji wa Arusha umegharimu zaidi ya shilingi bilioni 500. Lakini floraidi huharibu jino likiwa bado linaumbika utotoni. Maji safi ya leo yatamsaidia mtoto anayezaliwa leo. Meno ya sisi tuliokwisha kukua hayatarudi kuwa meupe.

Hapo ndipo uozo unapopata maficho. Kwetu jino la kahawia ni la kawaida, hivyo doa la kuoza likianza linahesabiwa kuwa ni maji yale yale. Wapo pia wanaoamini kwamba kwa kuwa floraidi hutiwa kwenye dawa ya meno, sisi tuliokunywa nyingi hatuwezi kuoza meno. Floraidi kidogo hulinda, ni kweli. Iliyozidi sana huliacha ganda la jino na vishimo na kulifanya limeguke, chakula kikanasa humo. Na juu ya yote kuna aibu. Nimefundisha watoto waliokuwa wakicheka wamefunika mdomo kwa kiganja. Mtoto anayeficha meno yake asicheke mbele ya wenzake, atampanulia nani kinywa na kusema linauma?

Watoto ndio wanaolipa zaidi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, na wala halisubiri jino jingine ling'oke. Wazazi wengi wanadhani nalo ni la utoto, kwamba litang'oka lenyewe liote jipya. Halioti jipya. Kwa pipi, soda na ubuyu wa getini, gego hilo linaweza kuoza na kung'olewa kabla mtoto hajamaliza darasa la saba. Likiondoka, majirani zake huegemea pengo, na lile la juu yake huanza kushuka kwa kukosa la kukutana nalo. Mtoto anazoea kutafunia upande mmoja, na upande huo nao unachakaa mapema.

Kinachoniuma kuliko yote, Ndugu Mhariri, ni kwamba dawa ya shida hii ilianzia hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa huduma za meno vijijini wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulibuniwa utaratibu wa kuziba meno bila mashine ya kutoboa na bila umeme. Mtaalamu anakwangua sehemu iliyooza kwa vyuma vya mkono, kisha anajaza saruji maalumu ya meno inayoshika yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Mtoto anaweza kulazwa juu ya dawati akatibiwa darasani. Shirika la Afya Duniani liliunadi utaratibu huo mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu kinywa, na leo unatumika katika nchi nyingi. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kuziba ni anasa ya mjini, au kwamba kunasubiri mashine itengenezwe, atueleze vijiji vya miaka ya 1980 viliwezaje.

Naomba mambo manne. Kwanza, kila kituo cha afya chenye tabibu wa meno kiwe na vyuma hivyo vya mkono na saruji ya kuzibia muda wote, kama kinavyokuwa na ganzi. Pili, watoto wa darasa la kwanza wapimwe vinywa shuleni kila mwaka na wenye matobo wazibiwe huko huko, maana huo ndio umri gego la kwanza linapoota. Tatu, bei ya kuziba na ya kung'oa zibandikwe ukutani, na vifurushi chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 vigharimie kuziba waziwazi. Nne, wenye maduka ya dawa wasisitiziwe kumwelekeza kwa tabibu mtu anayerudi mara ya pili kununua dawa ya jino lile lile, na aliyevimba chini ya kidevu au anayeshindwa kumeza aambiwe aende hospitali saa hiyo hiyo.

Kwetu wananchi, sisemi tukae tukisubiri. Anayeweza kuziba leo azibe leo, na asilihesabu jino lililotulia kuwa limepona. Lakini wanaotupangia huduma nao wawajibike. Namwomba mganga mkuu wa Jiji la Arusha, na wale wa Halmashauri za Wilaya za Arusha na Meru, watujibu kupitia gazeti hili: leo ni vituo vingapi vya umma katika eneo lako ambavyo mtu akiingia na tobo dogo atatoka na jino lililozibwa, na mwaka ujao vitakuwa vingapi?

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Usa River, Arusha