Romingi ya Data Ni Unyang'anyi wa Mchana

Juzi nilikuwa Namanga. Sikuwa nimevuka mpaka. Nilikuwa nimekaa upande wa Kenya nikinywa chai. Simu ikalia: "Karibu Tanzania." Kabla sijamaliza kikombe, salio langu la shilingi 500 lilikuwa limekwisha. Sikupiga simu hata moja! Barua pepe zilikuwa zinajivuta zenyewe na programu mbili zinajisasisha. Nilipolalamika nikaambiwa kwamba huduma za nje ni ghali kwa sababu ya umbali.

Umbali gani, jamani?

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo hebu tufungue boneti tuone injini. Laini yako ikiwa ugenini, mtandao wa huko huuliza kampuni ya nyumbani: huyu ni wenu? Ukikubaliwa, data yako kwa kawaida hurudishwa hadi mitambo ya nyumbani ndipo itoke kwenda intaneti. Kweli basi, data inasafiri. Lakini ukiwa Nairobi ukaongea na shangazi yako wa Arusha kwa WhatsApp, sauti inavuka mpaka huohuo na hakuna anayekutoza ada ya kuvuka. Tofauti iko kwenye hesabu: kampuni ya ugenini huitoza ya nyumbani bei ya jumla waliyokubaliana wao kwa wao, nayo ya nyumbani huongeza faida yake. Wewe mlipaji hukuitwa kwenye kikao.

Na tusidanganyane kwamba haiwezekani. Mwaka 2006 Celtel ilizindua One Network katika Kenya, Uganda na Tanzania: ulipokea simu bure ugenini na kupiga kwa bei ya wenyeji. Mwishoni mwa 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kuondoa ada za romingi kwa simu za sauti. Ulaya nao walifuta nyongeza hizo, data ikiwemo, tarehe 15 Juni 2017. Walianza na bei ya jumla: kikomo cha euro 7.70 kwa GB mwaka 2017 kilishuka hadi euro 2 mwaka 2022.

Najua kuna atakayesema, "Si ununue laini ya huko?" Sawa. Sasa mwambie dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kigali kupitia Uganda abebe laini tatu. Na benki ikituma namba ya siri kwa SMS kwenye laini ya nyumbani aliyoichomoa, atafanyaje?

Madai yangu ni matatu tu:

1. Nchi za Afrika Mashariki ziweke kikomo cha bei ya jumla ya data, na kikomo hicho kishuke kila mwaka.
2. Data ya ugenini iwe imezimwa hadi mwenye laini aiwashe mwenyewe, baada ya kuonyeshwa bei kwa shilingi.
3. Asiyevuka mpaka asitozwe kama msafiri. Mnara kurusha mawimbi hadi ng'ambo si kosa la mnywa chai.

Kwa sasa, kabla hujafika mpakani, zima romingi ya data kwenye simu na uchague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Ukikatwa pesa hata hivyo, usinyamaze: lalamika kwa maandishi, udai urudishiwe. Mimi yangu nimeshaituma.