Riwaya Si Karatasi ya Tatu

Desemba ikikaribia, simu zetu hujaa orodha. Riwaya kumi bora za mwaka. Riwaya tano zilizoniliza. Vitabu ninavyovisubiri kwa hamu Januari. Picha nazo ni zile zile: kikombe cha kahawa, shuka nyeupe, vitabu vimepangwa kwa rangi. Nimezipitia nyingi mwaka huu, za wasomaji wa Nairobi, Nakuru, Mombasa na Eldoret, vijana wanaosoma kweli wala hawajishaui. Karibu zote zina kasoro moja, na sina tena subira ya kuinyamazia. Hamna riwaya ya Kiswahili.

Si kwamba iko moja mkiani. Hamna kabisa.

Na hawa ni watu wanaobishana kwa Kiswahili ndani ya matatu, wanaotongozana kwa Kiswahili, wanaotukanana kwa Kiswahili Arsenal ikifungwa. Lakini mtu huyo huyo ukimwuliza ni riwaya gani ya Kiswahili aliyosoma mara ya mwisho, atakutajia ile ya kidato cha nne, kisha acheke. Sioni cha kuchekesha hapo. Na wewe unayesoma hapa, usikae pembeni ukadhani namsema jirani yako.

Hebu tuulize kwanza orodha hizi hutoka wapi. Magazeti ya New York yanatoa zao. Tuzo ya Booker inatangazwa. Wachapishaji wa London wanawatumia nakala watu wenye wafuasi wengi. Sisi tunatazama, tunanakili, tunaongeza jina moja la Lagos ili tuonekane Waafrika, halafu tunasema huo ndio mwaka wetu wa kusoma. Kwa hesabu hiyo, kitabu kilichotoka huko Machi ni kipya na kila mtu lazima awe na maoni juu yake. Kilichotoka Dar es Salaam mwezi huo huo ni kama hakijazaliwa.

Mimi sihesabu hivyo. Kwangu kitabu cha mwaka ni kile nilichokisoma mwaka huo kikanikosesha usingizi, kiwe cha juzi au cha 1971. Basi hizi hapa zangu nne, na kila moja nimeiweka kwa sababu.

Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Baba mkali kupita kiasi, binti aliyelelewa kwa kiboko na hofu, halafu shule ya bweni ambako kiboko hakifiki. Kezilahabi hamhurumii msomaji. Anaandika kuhusu mwili wa msichana, wanaume wanaoutaka na jamii inayomhukumu yeye peke yake, na anaandika waziwazi hadi ikapigwa marufuku shuleni Tanzania kabla ya baadaye kurudishwa na kufundishwa. Ukiisoma leo, huku mitandaoni kila wiki kuna binti anayesulubiwa kwa picha zake, utadhani iliandikwa jana usiku.

Sasa sikiliza kichekesho chenyewe. Mwaka 2025 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza, imechapishwa na Yale University Press. Nafurahi, tena sana. Kezilahabi, aliyefariki 2020, alistahili heshima hiyo zamani. Lakini najua kitakachofuata. Itaanza kuonekana kwenye orodha zetu, kwa Kiingereza, ikiitwa ugunduzi. Mkenya anayeongea Kiswahili tangu utotoni ataagiza tafsiri kutoka Marekani ili asome hadithi ya msichana wa Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya ziwa lile lile tunalolitazama tukiwa Kisumu. Kitabu cha asili kimekaa miaka zaidi ya 50 kikingoja tukifungue. Kwani kilikosa nini? Muhuri wa ng'ambo?

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa mzee. Anatoroka. Familia inamfungia mlango, naye anaishia Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, mwimbaji wa taarabu, na huko anakutana na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa mkoloni. Ina mapenzi, siasa, ubaguzi wa rangi na muziki wa usiku kucha, na Mwajuma peke yake anatosha kukununulisha kitabu. Amil Shivji aliitengenezea filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto 2021. Nimekutana na watu walioitazama filamu na kuisifu bila kujua kwamba kuna kitabu.

Ya tatu ni yetu hapa Kenya: Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Kila mara nasikia vijana wakiuliza hadithi za kisayansi za Kiafrika ziko wapi. Ziko hapa! Dzombo anahukumiwa, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani ili afe. Hafi. Anajifunza kukiendesha, anatua kwenye sayari ambako watu wameamua kuishi bila kunyonyana. Sema jina la sayari hiyo polepole, wa-le-ni-si, na utasikia mwandishi anamsema nani. Mkangi aliyaandika haya akiwa ametoka kuonja kizuizini bila kesi miaka ya 1980, chini ya serikali ya Moi. Hakuwa anajiuliza tu ingekuwaje. Alikuwa anatuonyesha nchi tuliyonyimwa. Kizazi kilichobeba mabango barabarani Juni 2024 kingeisoma riwaya hii kwa mshangao, maana hasira yake ni ile ile.

Ya nne ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001. Mheshimiwa mmoja anayeitwa K tu, mwenye jumba, gari na usingizi mbaya, anajiwa na babu yake aliyekufa zamani. Babu hakuja kumwombea dua. Amekuja kumtembeza na kumwonyesha alichowafanyia watu. Nilikuwa nikicheka, halafu nikawa sicheki tena.

Riwaya nne: mwili, mapenzi, sayari ya ajabu, mzimu. Mtu akiniambia tena kwamba riwaya za Kiswahili ni mawaidha tu, ya mtoto mtiifu aliyefaulu na mkaidi aliyepata ukimwi, nitamwuliza amesoma ngapi. Jibu nalijua: moja. Tena aliisoma kupitia mwongozo.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo hasa. Riwaya ya Kiswahili nchini Kenya haikufa kwa kukosa wasomaji. KCSE ya 2022 ilikuwa na watahiniwa zaidi ya 800,000, na Kiswahili ni lazima. Wote hao walitakiwa kuisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ni mwandishi gani wa Kiingereza nchini humu amewahi kuota wasomaji wengi hivyo kwa mwaka mmoja? Waliofuata wakapewa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kabla yao kulikuwa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na kabla yake Utengano. Wasomaji wapo, tele. Ila siku ya mtihani ikipita, wote wanaondoka kwa pamoja, kama abiria waliofika mwisho wa gari.

Wanaondoka kwa sababu tuliwafundisha kwamba riwaya ni Karatasi ya Tatu. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Taja sifa sita za mhusika. Onyesha jinsi maudhui ya ufisadi yalivyojitokeza. Hakuna anayeuliza: je, ulilia? Ulimchukia nani? Ungeandika mwisho gani tofauti? Mtoto wa miaka 17 anachinja kitabu vipandevipande, anakariri vipande, anavimwaga mezani Novemba, halafu anaapa kutogusa tena nyama hiyo. Mimi simlaumu yeye. Nakulaumu wewe mwenye miaka 26, mwenye mshahara, mwenye kilabu cha vitabu, ambaye hakuna anayekutahini tena na bado unaogopa.

Athari zake haziishii kwa msomaji. Mchapishaji anajua kwamba riwaya ikiteuliwa italisha kampuni miaka kadhaa, na isipoteuliwa itakula vumbi. Kwa hiyo anamwomba mwandishi aandike kitakachopita shuleni. Punguza kitanda. Punguza matusi. Mwanasiasa asifanane na mtu yeyote. Ongeza methali. Mwandishi mwenye njaa anapunguza na anaongeza. Ndivyo tunavyopata fasihi ya watu wazima inayoandikwa ikimwangalia mtoto kwa jicho moja na kamati kwa jicho jingine. Jiulize: Rosa Mistika ikiletwa leo kwa mchapishaji wa Nairobi, ingepita? Mimi nadhani ingerudishwa na barua ya heshima. Na sisi tusionunua kitabu kisicho cha mtihani ndio tulioisaini barua hiyo.

Najua utetezi wenu, nimeusikia wote.

Mnasema Kiswahili hicho ni kigumu. Sawa, kina maneno usiyoyajua. Lakini riwaya zile za Kiingereza za kurasa 700 mnazozipiga picha nazo zina maneno msiyoyajua, na mnavumilia, mnatafuta maana kwenye simu, mnasonga. Ugumu wa Kiingereza mnauita kina. Ugumu wa Kiswahili mnauita ushamba wa mwalimu. Nilitegemea mjitetee vizuri zaidi.

Mnasema hazipatikani. Hapa nawapa haki yenu, nusu. Nimeingia duka moja kubwa la vitabu jijini nikaulizia riwaya za Kiswahili, nikapelekwa kwenye rafu ya vitabu vya shule, miongozo ikiwa mingi kuliko riwaya zenyewe. Za Tanzania ndizo adimu kabisa. Vitunguu vya Tanzania vinavuka Namanga na kufika Marikiti kabla havijaoza, riwaya zinashindwa kufika Moi Avenue! Na serikali nayo haikusaidia: Sheria ya VAT ya 2013 iliweka asilimia 16 juu ya vitabu, kana kwamba kusoma ni anasa. Lakini muuza duka huagiza anachoulizwa. Ni lini mara ya mwisho ulimwuliza? Wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, mara nyingi wana Siku Njema na Utengano kwenye rundo, bei ya chapati na maharagwe. Unaziruka kila siku ukitafuta kilichotajwa TikTok.

Na hiyo Siku Njema. Walibora aliitoa 1996, akatuachia Kongowea Mswahili, na nusu ya watu ninaowajua bado wanamtaja kama rafiki waliyesoma naye. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hatujawahi kuipenda riwaya ya Kiswahili. Tuliipenda kwa dhati. Walibora alifariki 2020, tukaandika rambirambi ndefu, tukabadilisha picha za wasifu. Wangapi kati yetu walikwenda kununua Kufa Kuzikana?

Mwaka ujao mimi nina foleni tayari. Natangulia na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kushinda Nobeli. Nataka kumsikia Yusuf, kijana aliyewekwa rehani na baba yake, akizungumza lugha ambayo pwani ile ingemzungumzisha. Kisha Haini ya Adam Shafi, riwaya ya jela iliyozaliwa na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume 1972; kwa nchi ambayo vijana wake wamejua maana ya kuchukuliwa usiku na watu wasiovaa sare, hicho si kitabu cha historia. Baada yake Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda tuzo ya Mabati-Cornell, kwa sababu nataka kujua wanawake wa Zanzibar wanaandika nini sasa hivi. Na mwisho Nagona na Mzingile za Kezilahabi, fupi zote mbili, ambazo watu wanaziogopa kama hesabu. Nitazisoma polepole. Hakuna alama nne zinazoningoja.

Sikuombi uache Kiingereza. Soma chochote, kutoka popote. Ninachodai ni nafasi moja kati ya kumi. Kilabu chako kikikutana Januari kuchagua vitabu kumi na viwili vya mwaka, mtu mmoja ainue mkono aseme Walenisi, au Vuta N'kuvute, au nyingine yoyote, na asikubali kunyamazishwa na ile cheko ya kidato cha nne. Nenda dukani uulize, kwa sauti, wenye foleni wasikie. Ukiambiwa haipo, rudi wiki ijayo uulize tena. Mwandishi anayeandika sasa hivi Kayole au Kisauni, anayejiuliza kama aondoe ile sura ya saba ili kamati isikasirike, anahitaji kujua kwamba kuna mtu mzima anayemngoja.

Ukikosa kabisa, nipigie. Rosa Mistika nitakuazima. Walenisi yangu haitoki nyumbani. Hiyo itabidi uje uisomee kwangu.